Mwongozo wa Kuwa Bwana wa Ridhaa, kwa Vijana wa Kericho na Bomet

Kuanzia Kipkelion hadi Sotik hatuna upungufu wa vijana wenye mbio, wenye shabaha na wenye kifua. Tunachokosa ni daraja. Vijana wetu wanapiga mpira Jumapili alasiri kwenye uwanja wa mteremko, na timu bingwa ya kata inapewa fahali. Ikishampata, inashangilia mbele ya watu, na jioni fahali anachinjwa. Watu wa namna hiyo hawawezi kuitwa waungwana wa michezo, kwa sababu wameonekana wakitaka kitu.

Mwongozo huu unakusudia kumwondolea kijana aibu ya kutaka malipo na kumpandisha hadi cheo cha bwana wa ridhaa, kama alivyojulikana Uingereza zama za Malkia Victoria: mtu anayecheza kriketi msimu wa joto na kandanda msimu wa baridi, kwa mapenzi matupu, bila kushika senti. Kielelezo chetu ni Alfred Lyttelton, mtu wa kwanza kuichezea Uingereza katika kandanda na kriketi vilevile. Usiseme humjui. Mwaka 1905 alikuwa waziri mwenye dhamana juu ya babu zako. Yeye naye hakuwajua, lakini hilo halikumzuia kufanya kazi.

Fuata hatua kwa mpangilio. Ukiruka ya kwanza, zote zinazofuata zitakushinda.

Hatua ya kwanza: Zaliwa vizuri

Lyttelton alizaliwa mwaka 1857, mtoto wa Baron Lyttelton wa nne, mwenye jumba la Hagley huko Worcestershire. Alikuwa kitinda mimba kati ya ndugu wanane wa kiume wa mama mmoja. Mwaka 1867 baba, baba wadogo wawili na hao wana wanane waliunda timu kamili ya kriketi, wakacheza na shule ya Bromsgrove na kuifunga. Alfred alikuwa na miaka kumi. Mume wa mama yake mkubwa alikuwa William Gladstone, aliyekuja kuwa waziri mkuu mara nne.

Familia ya wana wanane si habari Kericho. Tofauti ni kwamba mechi ile ilichezwa Agosti, na Agosti kwetu ni likizo, na likizo ina kikapu na majani yanayosubiri kuchumwa. Kwa hiyo usianze na mazoezi ya viungo. Anza na baba mwenye uwanja.

Baada ya hapo nenda Eton, kisha Trinity College, Cambridge. Huko Lyttelton alikiwakilisha chuo kikuu katika kriketi, kandanda, kurusha nyundo na aina mbili za tenisi za kuchezwa ndani ya kuta, na mwaka 1879 akawa nahodha wa kriketi. Mzazi wa Litein akiambiwa kwamba mwanawe ameiwakilisha shule katika michezo mitano atauliza swali moja tu: na hesabu alipata nini? Mzazi wa aina hiyo ni kikwazo. Mbadilishe.

Hatua ya pili: Andaa vifaa

Utahitaji suruali nyeupe, shati jeupe na sweta nyeupe. Utasema udongo wetu ni mwekundu, na kwamba Kericho hunyesha karibu kila alasiri, tena mara nyingi kwa mvua ya mawe. Ni kweli, na ndiyo sababu hewa yetu iliipenda chai na kuichukia kriketi. Lakini hofu hiyo ni ya mtu anayejifulia mwenyewe. Bwana wa ridhaa anavua sweta yenye tope, na Jumamosi inayofuata anaikuta nyeupe juu ya kitanda. Haulizi ilifikaje.

Zingatia pia saa ya chai. Kriketi ni mchezo wa kistaarabu kiasi kwamba husimama katikati ili watu wanywe chai. Huu ni uhusiano wa karibu mno na kaunti zetu, ila unakwenda upande mmoja. Mchumaji hasimami kwa ajili ya kriketi, maana analipwa kwa kilo, na mizani haina mapumziko.

Hatua ya tatu: Cheza kwa raha zako

Tarehe 3 Machi 1877, katika uwanja wa Oval jijini London, Uingereza ilifungwa na Uskoti mabao matatu kwa moja. Bao hilo moja lilitiwa na Lyttelton. Ilikuwa mechi yake ya kwanza ya kandanda ya kimataifa, na ya mwisho. Inasimuliwa kwamba mwenzake, Billy Mosforth, mchonga nakshi kutoka Sheffield, alimlalamikia kwa kutotoa pasi, naye Lyttelton akamjibu kwamba anacheza kwa ajili ya kujifurahisha mwenyewe, basi.

Hapo ndipo penye moyo wa mwongozo huu. Mosforth aliamini kwamba wachezaji kumi na mmoja walioshuka uwanjani wana shida moja. Lyttelton hakuwa na shida yoyote.

Zoezi: Jumapili ijayo, ukiwa na mpira na mwenzako yuko peke yake mbele ya goli, mnyime. Akikufokea, mwambie kwa upole kwamba unacheza kwa raha zako. Ukipigwa, pokea kwa tabasamu. Hilo nalo ni sehemu ya mazoezi.

Hatua ya nne: Jua nani bwana, nani mchezaji

Tangu mwaka 1806 kriketi ya Uingereza ilikuwa na pambano kati ya Mabwana na Wachezaji. Mabwana ni wale wasiolipwa. Wachezaji ni wale waliolipwa, yaani wale ambao wasipocheza hawali. Walivaa sawa, wakacheza kwa sheria zilezile, hata katika timu moja, lakini vyumba vya kubadilishia nguo vilitengana, na uwanja wa Lord's ulikuwa na mlango wa hawa na mlango wa wale. Kwenye kadi ya mechi herufi za mwanzo za jina la bwana zilitangulia jina la ukoo. Za mlipwa zilifuata nyuma. Mwaka 1950 kipaza sauti cha Lord's kiliwaomba watazamaji wasahihishe kadi zao: palipoandikwa F. J. Titmus pasomeke Titmus, F. J. Kijana huyo alikuwa wa kulipwa. Ilibidi umma ulindwe.

Mpango huo ulipofika Kenya ulipandwa kama mche na ukashika mara moja. Mwaka 1910 Nairobi ilianza pambano la kriketi kati ya Maofisa na Walowezi. Ukiangalia majina ya timu utaona mwenyeji wa nchi hakuwa na upande, kwa kuwa hakuwa ofisa wala mlowezi. Na kwenye mashamba ya chai ya Kericho hapakuhitajika kadi kabisa: meneja alikaa kwenye bangalo lenye bustani, na mchumaji kwenye kambi. Ukijua mtu analala wapi, umeshajua jina lake linaandikwaje.

Hatua ya tano: Usilipwe, rudishiwa gharama

Hapa vijana wengi hukosea. Wanadhani bwana wa ridhaa hapokei pesa. Anapokea. Asichopokea ni mshahara.

Mwalimu wako katika somo hili ni daktari W. G. Grace, mwenye ndevu zilizojulikana kuliko za wafalme wa wakati wake. Alibaki bwana wa ridhaa maisha yake yote ya kriketi. Kwa ziara ya Australia ya mwaka 1873 na 1874 alipewa pauni 1,500, huku wenzake wa kulipwa wakipata pauni 170 kila mmoja. Mwaka 1895 mchango wa umma kwa heshima yake ulizidi pauni 9,000. Zile 170 zilikuwa malipo, na zilimchafua mpokeaji. Zile 1,500 zilikuwa gharama, na zilimwacha safi.

Kwa hiyo ukipewa nauli ya matatu kutoka Bomet hadi Kericho ukacheze, ikatae. Sema utasubiri pauni elfu moja na mia tano.

Hatua ya sita: Shika kazi usiyoifahamu

Mwaka 1884 Australia iliisumbua Uingereza pale Oval hadi ikafikisha mikimbio 551. Nahodha aliishiwa na warusha mpira, akawajaribu wachezaji wote kumi na mmoja. Lyttelton alikuwa mlinda wiketi, kazi ambayo haimruhusu mtu kurusha. Akamwachia Grace glavu, akaja kurusha na pedi zake miguuni, mipira ya polepole ya mkono wa chini, na akawatoa watu wanne kwa mikimbio 19. Hakuna kati ya wenzake aliyefanya vizuri zaidi siku hizo.

Somo alilolipata tabaka zima ni kwamba muungwana akipewa kazi asiyoifahamu ataifanya kuliko fundi. Kwenye kriketi ni hadithi tamu. Lakini mwaka 1903 Lyttelton, aliyekuwa mwanasheria na mbunge, alifanywa Waziri wa Makoloni, na tarehe 1 Aprili 1905 himaya ya Afrika Mashariki ikahamishwa kutoka Wizara ya Mambo ya Nje kuja kwenye meza yake. Watu wa Nandi, Kericho na Sotik waliingia katika mchezo huo bila kuulizwa kama wana nguo nyeupe.

Hatua ya saba: Tenda haki, ndani ya kamba

Bwana wa ridhaa anasifika kwa haki. Klabu ya Corinthian, iliyoundwa mwaka 1882, iliheshimu haki kiasi cha kuichukia penalti ilipoanzishwa mwaka 1891. Waliona ni tusi kudhani kwamba muungwana anaweza kumchezea mwenzake rafu kwa makusudi. Inasimuliwa kwamba wakipewa penalti waliupiga mpira nje, na wakipigiwa, kipa wao aliegemea mlingoti akaacha goli wazi.

Iga tabia hiyo, lakini ujue mipaka yake. Uwanja wa kriketi umezungushiwa kamba, na haki inakaa ndani ya kamba hiyo. Mwaka 1905, Lyttelton akiwa waziri, watu wa Sotik walishtakiwa kwa kuwavamia Wamaasai na kuchukua ng'ombe na watu. Walipokataa masharti ya serikali, walitumiwa kikosi cha kuwaadhibu, chini ya Meja Pope-Hennessy. Watu waliuawa na mifugo ikaswagwa. Upande mmoja ulikuwa na bunduki za rashasha, na hapakuwa na aliyeuliza kama timu zimelingana.

Tarehe 19 Oktoba mwaka huohuo, kule Nandi, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani na Richard Meinertzhagen, ofisa aliyesomea Harrow, shule inayopimana ubavu na Eton kwenye kriketi kila mwaka. Koitalel alipigwa risasi pale pale penye kupeana mikono. Mabaraza ya uchunguzi yalikaa, na ofisa akaonekana hana hatia. Siku ya risasi hiyo Lyttelton alikuwa bado ofisini. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Kwa binadamu unaandikiwa ripoti.

Hatua ya nane: Jipatie uwanja

Huwezi kuwa bwana wa ridhaa bila ardhi, kwa sababu lazima kuwe na kitu kinachokulisha wakati unacheza bure. Ardhi ya kununua ni ghali na inahitaji kazi. Ni afadhali utangaze kwamba ilikuwa tupu.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ekari 25,000 za Kericho zilitengwa kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani. Walikuja kulima kitani. Wengi hawakuwa wakulima, lakini rejea hatua ya sita: muungwana hashindwi na kazi. Bei ya kitani ikaporomoka na mradi ukafa katika miaka michache. Fundi angefilisika akarudi kwao. Hapa ardhi ilipita kwenda kwa makampuni ya chai, na katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay wakaanza kupanda vilima hivi unavyoviona. Ardhi ilitoka kwa Wakipsigis, ikapitia kwa maofisa, ikafika kwa makampuni. Pasi kama hizo Mosforth angezipenda.

Waliobaki na neno la kusema walishughulikiwa pia. Mwaka 1934 serikali ilitunga sheria maalumu ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ikawapeleka Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye joto, mbung'o na malaria. Na mkulima Mwafrika wa hapahapa penye chai hakuruhusiwa kupanda chai yake mpaka miaka ya 1950. Aliruhusiwa kuichuma. Mabwana hawakutaka apatwe na tamaa ya faida.

Hatua ya tisa: Zamu ya wengine ikifika, kaza sheria

Itafika siku ambapo kijana wa Kericho asiye na jumba la Hagley ataingia uwanjani na kukimbia kuliko wote. Usihangaike kumshinda. Mkumbushe sheria za ridhaa.

Wilson Kiprugut Chumo, mzaliwa wa Kericho na askari wa jeshi la Kenya, alishika nafasi ya tatu katika mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964. Ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yetu, kabla hata mwaka haujatimia tangu uhuru. Mwaka 1968 mjini Mexico aliongoza mbio mpaka mita za mwisho, akapitwa na Ralph Doubell wa Australia aliyelazimika kuifikia rekodi ya dunia ili kumpita. Kiprugut alitumia dakika 1 na sekunde 44.5. Kwa kazi hiyo kanuni za Olimpiki zilimruhusu kupokea medali na makofi.

Mlinzi wa kanuni hizo, rais wa kamati ya Olimpiki tangu 1952 hadi 1972, alikuwa Avery Brundage wa Chicago, tajiri wa kampuni za ujenzi. Aliamini kwa dhati kwamba pesa huharibu mwanamichezo. Zake zilikuwa zimemharibu kiasi cha kumwezesha kuizunguka dunia akiwaonya wengine. Kipchoge Keino alipotaka kulishwa na miguu yake, mwaka 1973 alijiunga na mbio za kulipwa, na kwa hilo akajifungia mlango wa Olimpiki.

Kichekesho ni kwamba wakati huo kriketi yenyewe ilishachoka. Novemba 1962 Waingereza walifuta tofauti ya Mabwana na Wachezaji, wote wakawa wachezaji tu. Waliivua nguo hiyo kwao, na sisi tukaivaa miaka mingine ishirini.

Hatua ya kumi: Jifunze kusikitika

Bwana wa ridhaa hufa vizuri. Mwaka 1913 Lyttelton alicheza mechi ya kriketi huko Bethnal Green, akapigwa na mpira tumboni, jipu likaota ndani, na tarehe 5 Julai akafariki. Waziri Mkuu Asquith alisimama bungeni akasema kwamba katika kizazi kile hakuna aliyekaribia zaidi mfano wa mtu ambao kila baba wa Kiingereza angependa mwanawe aufuate. Hakuwa anaongopa. Kila aliyecheza naye alimpenda, na hata wapinzani wake kwenye siasa walimlilia. Alikuwa mwema kwa kila mtu aliyemwona. Kasoro ya wema huo ni kwamba kutoka London Sotik haionekani.

Waliobaki nyuma wana wajibu wa kusikitika kwa niaba yake. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliihoji Uingereza kuhusu Wakipsigis na Talai, na mwaka 2022 madai yao yalipelekwa kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mwaka 2023 Mfalme Charles alikuja Nairobi, akaeleza huzuni na majuto makubwa kwa ukatili wa ukoloni. Msamaha rasmi hakuuomba. Angalia ufundi huo kwa makini, maana ni wa kiwango cha juu. Msamaha huja na hesabu ya kulipa, na wakili wa upande wa pili anaweza kuusoma mahakamani. Majuto hutolewa kwa ridhaa.

Jipime

Sasa keti uhesabu alama zako. Una baba mwenye uwanja? Sweta yako inajifua? Kuna watu wanaochuma kwa kilo wakati wewe unacheza kwa raha? Unayo ardhi ambayo mwenyewe wa kwanza alihamishwa kwa sheria? Ukijibu hapana mara nne, umefeli, na utabaki katika lile kundi la kuandikwa herufi nyuma ya jina.

Aliyefeli bado ana njia. Toa pasi. Kimbia, dai mkataba ulioandikwa, usome kabla ya kutia sahihi, na ukishinda pokea ulichoahidiwa mchana kweupe. Na akitokea muungwana akakuuliza kama unacheza kwa mapenzi au kwa pesa, usimjibu haraka. Muulize kwanza yeye analishwa na shamba la nani.